Unataka kubadilisha injini ya Land Rover 109? Anza na breki

Leo tuweke pembeni mbegu, mbolea na viuatilifu. Msimu wa vitunguu ukikaribia, swali ninaloulizwa sana njiani si la ugonjwa wa majani bali la usafiri: "Bwana shamba, Land Rover yangu inakunywa mafuta na kila wiki iko gereji. Nifunge injini ya Toyota?"

Mimi si fundi wa magari, nina stashahada ya kilimo. Lakini gari la mzigo ni kifaa cha shamba kama ilivyo pampu ya maji au ghala, na hesabu zake ni zile zile za mtaji na faida. Zaidi ya hapo, kazi hii niliifuatilia kwenye gari la baba yangu mdogo tangu siku ya kwanza ya mazungumzo mpaka gari lilipotoka gereji, daftari mkononi. Ninayokuandikia hapa ni niliyoyaona na niliyoyahesabu.

Jibu fupi ni hili: inawezekana, na wengi wamefanya wakafanikiwa. Lakini ukibadilisha injini peke yake, umenunua mwendo bila kununua cha kuusimamisha. Soma mpaka mwisho kabla hujatoa shilingi yako.

Tulifahamu gari lenyewe kwanza

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Hii tunayoiita "wani o naini" imepewa jina kutokana na inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Nyingi tunazoziona huku kwetu ni Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa ina miaka kama 40.

Bodi yake ni ya aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ila chasisi ni ya chuma, na kutu yake huanzia ndani. Ndiyo maana unaweza kukuta gari limepakwa rangi linang'aa kumbe chini chasisi imebaki kama karatasi. Likumbuke hili, nitalirudia.

Injini ya kawaida ni ya silinda nne, lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Ile ya dizeli ina nguvu za farasi 60 na kidogo tu. Ilitengenezwa kwa gari la kwenda taratibu, na kwa kazi hiyo haikuwa mbaya. Tatizo si kwamba ilikuwa injini mbovu. Tatizo ni kwamba imezeeka, imetobolewa silinda mara kadhaa, na vipuri unavyouziwa siku hizi vingine havimalizi msimu.

Gari la baba mdogo lilikuwa la petroli. Kwa miaka mingi limetoa vitunguu Mang'ola hadi Karatu, na wakati wa mavuno likashuka mlima hadi sokoni Mto wa Mbu. Likirudi lilibeba mbolea, unga, mabati, na mgonjwa pale alipokuwepo. Kwa hiyo uamuzi juu ya gari hili haukuwa wa mtu mmoja. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya ng'ombe wawili waliouzwa, pamoja na mkopo wa VICOBA uliochukuliwa kwa jina la mama mdogo. Kama kazi ingeharibika, wa kudaiwa kwenye kikoba angekuwa yeye.

Hesabu ya mafuta peke yake inadanganya

Wengi mnaanza na mafuta. Sawa, tuanze hapo. Bei ya petroli na dizeli hutangazwa na EWURA kila mwezi na hupanda na kushuka, kwa hiyo sitaandika shilingi. Nitahesabu kwa lita, na wewe utazidisha kwa bei ya mwezi unaosoma makala hii.

Kwenye daftari letu, gari likiwa na injini ya petroli lilienda wastani wa kilomita 5 kwa lita moja. Magari ya aina ile ile yaliyofungwa dizeli ya Toyota, ambayo wenyewe walituruhusu kupima, yalikwenda karibu kilomita 8 kwa lita. Chukua safari ya kilomita 100, kwenda na kurudi:

- Petroli: lita 20
- Dizeli: lita 12.5
- Unaokoa: lita 7.5 kwa safari

Ukifanya safari mbili kwa wiki, unaokoa lita 15 kwa wiki. Kwa wiki 30 za kazi kwa mwaka, ni lita 450.

Sasa gharama. Kazi yote, ikifanywa vizuri, ilikadiriwa kuwa sawa na bei ya lita 2,400 za mafuta. Gawanya 2,400 kwa 450: unapata zaidi ya miaka mitano. Hapo mtu mwenye akili ataacha, na kama sababu yako ni mafuta tu, mimi pia nakwambia acha.

Lakini tulifungua ukurasa mwingine wa daftari, ule wa siku ambazo gari lililala. Mwaka uliotangulia gari lilisimama siku 38, na 17 kati ya hizo zilikuwa za mavuno. Siku ya mavuno gari likilala, vitunguu havilali. Baba mdogo alikuwa akikodi gari la mtu mwingine kwa gharama sawa na lita 60 za mafuta kwa siku. Siku 17 ni lita 1,020, nyingi kuliko mara mbili ya akiba ya mafuta!

Tusijidanganye kwamba injini nyingine itafuta siku zote za kulala. Tuseme inafuta nusu. Unapata lita 510, jumlisha 450 za mafuta, jumla 960 kwa mwaka. Gharama ya 2,400 inarudi kwa miaka miwili na nusu. Hiyo ni hesabu ambayo mtu anaweza kulala nayo usingizi.

Funzo la hapa: kabla hujaenda gereji, andika siku ambazo gari lako lililala mwaka uliopita. Kama hukuandika, kaa na kondakta wako mkumbuke pamoja. Usipoijua namba hiyo, unabahatisha.

Swali la mama mdogo

Gereji ya kwanza tuliyokwenda ilitupa bei nzuri: injini, bamba la kuunganisha na giaboksi, na kazi ya kufunga, basi. Ilikuwa sawa na lita 1,440. Fundi alituonyesha gari lingine alilolifunga, akakanyaga mafuta, likanguruma vizuri. Baba mdogo akafurahi. Akauliza litapandaje na gunia ishirini, akajibiwa litapanda bila kubadilisha gia.

Mama mdogo alikuwa amekaa kimya kwenye benchi. Akauliza, "Mmeuliza litapandaje. Je, likishuka?"

Fundi akasema breki zipo. Mama mdogo akamjibu kwa upole, "Hizo zilizopo zilikuwa za injini ile ya zamani, baba. Na sisi tunashuka Mto wa Mbu na mzigo."

Ndugu msomaji, lile ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na halikuulizwa na dereva wala fundi. Nieleze kwa nini.

Joto ambalo breki zinapaswa kulimeza halipandi sawa na mwendo. Linapanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Gari lililozoea kwenda kilomita 40 kwa saa likianza kwenda 60, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini kazi ya breki kulisimamisha imeongezeka mara mbili na robo. Likienda 80, ni mara nne. Uzito ni ule ule, dramu ni zile zile, na Series III ina dramu magurudumu yote manne, hakuna diski. Dramu ikichemka kwenye mteremko mrefu, unakanyaga pedali, pedali ni ngumu, na gari haliko tayari kusimama.

Kuna la pili, na hili limewaponza watu bila kujua. Kama gari lako lina bufa la kusaidia breki, lile kopo la duara karibu na pedali, linafanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli hunyonya hewa hiyo yenyewe kupitia njia ya kabureta. Injini ya dizeli hainyonyi hivyo, kwa hiyo lazima iwe na pampu yake ya kunyonya hewa. Kwenye injini za Toyota za familia ya L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Sasa fundi akikufungia alteneta nyingine ya kawaida kwa sababu ile ya asili imeungua, taa zitawaka, betri itachaji, gari litaondoka vizuri, ila breki zimebaki bila msaada. Hutalijua hilo gereji. Utalijua mlimani.

Tuliagana na gereji ile vizuri tukaenda nyingine.

Badilisha mnyororo mzima

Wewe mkulima unalijua hili. Ukinunua mbegu chotara ukaipanda kwenye udongo uliochoka, bila mbolea na bila palizi ya wakati, umetupa pesa. Injini ni hivyo hivyo. Haya ndiyo mambo inayoyadai, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

1. Chasisi. Kabla ya kitu chochote, ingiza gari kwenye shimo, chukua nyundo ndogo na bisibisi, gonga chasisi yote kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na bisibisi inaingia. Kama imeoza pale zinapokaa springi au pale injini itakapofungwa, simama hapo hapo. Kuchomelea vishikizo vya injini kwenye chasisi iliyooza ni kujenga ghala juu ya kichuguu.

2. Breki. Kabla injini haijanunuliwa, breki zifanywe upya: silinda kuu, silinda za magurudumu, bitana, mipira yote ya mafuta, na dramu zilizolika zikerezwe au zibadilishwe. Wapo wanaotamani ekseli ya mbele ya Land Rover 110, ambayo tangu ilipotoka mwaka 1983 ilikuja na diski mbele. Ni nzuri, ila 110 inakaa juu ya springi za mviringo, wakati 109 inakaa juu ya springi za majani. Si kazi ya kubandua na kubandika. Kwa mfuko wa kijijini, dramu nzima zilizofanywa upya na bufa linalofanya kazi zinatosha, mradi dereva aheshimu mwendo.

3. Difu na giaboksi. Series III nyingi za 109 zina difu ya nyuma ya Salisbury, ile kubwa yenye kifuniko cha nyuma kinachofunguliwa kwa bolti. Hiyo ni imara. Difu ya mbele, na ya nyuma kwenye magari ya zamani zaidi, ni ndogo kuliko hiyo, na shafti zake hukatika dereva akiachia klachi kwa nguvu. Injini yenye nguvu zaidi haimsamehe dereva wa namna hiyo.

Giaboksi una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na ya Land Rover na kuweka bamba la kuunganisha. Hapo angalia jambo moja: bamba lazima likerezwe na mtu mwenye mashine, katikati yake iwe katikati kweli. Likikaa pembeni hata kwa unene wa unywele, bearingi ya shafti ya giaboksi italiwa ndani ya miezi michache na wewe utadhani injini ni mbovu. Bamba lililokatwa kwa gesi na kutobolewa kwa kukisia, likatae.

Njia ya pili ni kuchukua injini na giaboksi yake pamoja. Hapo uliza shafti ya kwenda mbele inatokea upande gani. Difu ya mbele ya Land Rover imekaa kulia. Ya Hilux ya zamani, ile yenye ekseli nzima mbele, imekaa kushoto. Ukifunga giaboksi ya Hilux bila kulifikiria hili, umebaki na gari linalovuta magurudumu ya nyuma tu, na masika yakija utayakumbuka maneno haya ukiwa kwenye tope.

4. Maji na hewa. Rejeta ya zamani isafishwe ndani au ibadilishwe, na feni iwe na kava lake ili ivute hewa kupitia kwenye rejeta na si pembeni. Chujio la hewa lifungwe pazuri, juu ya vumbi. Dizeli ikila vumbi la Eyasi msimu mmoja, imekwisha.

5. Mafuta na umeme. Ukitoka petroli kwenda dizeli, tangi lifunguliwe lioshwe kabisa. Dizeli inahitaji bomba la pili la kurudisha mafuta yanayozidi kwenye tangi. Weka chujio lenye kikombe cha kutenga maji, kwa sababu dizeli yetu ya kwenye madumu haikosi maji. Betri iwe kubwa kuliko ya petroli, na waya za plagi za kupasha moto ziwe nene za kutosha.

Injini gani?

Ninazoziona zaidi kwenye magari haya ni Toyota 3L ya lita 2.8, Nissan TD27 ya lita 2.7, na Isuzu za lita 2.5 na 2.8. Zote ni za dizeli ya kawaida bila kompyuta, na hilo ndilo la kutafuta. Injini za kisasa zaidi zinazoendeshwa kwa kompyuta zina nguvu na zinakula kidogo, lakini zikizima porini, spana na waya havitakusaidia.

Sisi tulichukua 3L, kwa sababu moja tu: vipuri vyake viko kwenye kila duka kuanzia Karatu hadi Arusha, na fundi wa kijijini anaijua. Ina nguvu za farasi karibu 90, mara moja na nusu ya dizeli ile ya zamani. Usitafute zaidi ya hapo. Ekseli zako bado ni za zamani.

Kama nawe unachukua 3L, jua kwamba ina mkanda wa taimingi wa mpira. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Injini ya mtumba huwezi kujua mkanda una umri gani, hata kama muuzaji anaapa. Weka mkanda mpya na roli zake injini ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari. Ni kazi ya saa chache wakati huo. Baadaye ni kazi ya siku nzima.

Kabla ya kulipa, dai iwashwe ikiwa baridi, ipimwe kompresheni silinda zote nne, na namba zilingane. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi mwingi, ondoka. Na uchukue risiti pamoja na hati za forodha, kwa sababu utazihitaji huko mbele.

Siku za gereji

Kazi iliyotajwa kuwa ya siku kumi ilichukua siku 24. Sitasema fundi alikuwa mvivu. Siku nane zilikwenda kwa jambo moja: karteri ya oili ya injini ilikuwa inakaribiana mno na ekseli ya mbele. Gari likiwa limesimama, nafasi ilionekana inatosha. Fundi akaweka jeki, akapandisha ekseli mpaka springi zikakunjika kama gari limeingia kwenye shimo, na ekseli ikagusa karteri. Ikabidi vishikizo vya injini vikatwe vifanywe upya.

Fundi yule nilimheshimu kuanzia hapo. Dai jaribio hilo hilo kwenye gari lako, na uwepo wewe mwenyewe. Mwambie fundi apandishe ekseli mpaka mwisho, upande mmoja baada ya mwingine, kabla hujamlipa fungu la pili. Na malipo yawe kwa mafungu matatu: kuanza, injini ikishakaa, na baada ya safari ya majaribio. Usilipe yote mwanzoni.

Kati ya kila shilingi 100 tulizotumia, mgawanyo ulikuwa hivi:

- Injini na kukarabati giaboksi: 42
- Bamba, vishikizo, propela na kazi ya kufunga: 18
- Breki: 16
- Rejeta, mfumo wa mafuta na umeme: 14
- Akiba ya yasiyotarajiwa, ambayo ilikwisha yote: 6
- Karatasi na nauli: 4

Ukiitazama orodha hii utaona zile 60 za kwanza ndizo gereji ya mwanzo ilizotutajia. Zile 40 nyingine hazikuwa zimefutwa na mtu, zilikuwa zinatusubiri barabarani.

Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, kadi yako inasema uongo mpaka uirekebishe. Gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani wanaohusika na ukaguzi wa magari, kisha upeleke taarifa TRA pamoja na risiti na hati za injini. Ukitoka hapo, mjulishe na mtu wako wa bima. Usiseme "tutafanya baadaye". Siku ya ajali ndiyo siku ambayo namba itasomwa.

Na tafadhali, namba ya chasisi isiguswe na mashine ya kuchomelea wala ya kusaga.

Injini ya zamani usiiuze kwa kilo

Wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja siku hiyo hiyo, wananusa. Baba mdogo alikaribia kukubali. Tuliizuia injini, tukaijaza oili, tukaziba matundu, ikawekwa ghalani juu ya mbao. Sababu ni mbili. Kwanza, Land Rover za Series sasa ni magari ya kale yanayotafutwa na wanaoyakarabati yarudi kama yalivyotoka kiwandani, na kwao gari lenye injini yake ya asili lina thamani kubwa kuliko lisilo nayo. Pili, huenda wajukuu wakataka kuirudisha. Ndiyo maana tulimwomba fundi asikate vishikizo vya asili kwenye chasisi, aweke vyake pembeni.

Nilimwona baba mdogo akizunguka gari siku lilipotoka. Akasema sauti si yake, limepata sauti ya mgeni. Mama mdogo akamjibu, "Lipate sauti yoyote, ilimradi lisimame." Akapanda mbele, wakashuka mlima bila mzigo, gia ya pili, mara tatu. Mara ya tatu ndipo akasema sasa lipakieni.

Ukishaanza kulitumia

Kilomita 500 za kwanza, kila jioni shika spana: bolti za vishikizo, za propela, za bamba. Zitalegea, hiyo ni kawaida, kazi yako ni kuzikaza. Angalia maji na oili kabla ya kuwasha, si baada. Mlimani shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, kabla mteremko haujaanza. Na watu wasikae juu ya mzigo. Najua ni mazoea yetu, najua mama anayeomba lifti ana mtoto mgongoni. Mpe nafasi mbele au mwambie asubiri gari jingine.

Dereva aambiwe wazi kwamba mwendo haujabadilika. Nguvu iliyoongezeka ni ya kupanda na mzigo bila kuchemsha, si ya kuyapita magari ya watalii kwenye lami.

Lini usibadilishe

Usibadilishe kama chasisi imeoza. Usibadilishe kama gari linafanya kazi chini ya safari moja kwa wiki, maana gharama haitarudi. Kwako wewe, kukarabati injini iliyopo au kukodi gari wakati wa mavuno ni nafuu zaidi. Usibadilishe kwa mkopo ambao marejesho yake yanaanza kabla ya mavuno. Na kama pesa uliyonayo inatosha injini lakini haitoshi breki, basi pesa haijatosha. Fanya breki mwaka huu kwa pesa hiyo, endesha taratibu na injini yako ya zamani, injini nyingine itakuja msimu ujao.

Kabla hujakwenda gereji, kaeni nyumbani wote mnaohusika na pesa hiyo, na mwenye jina lake kwenye kikoba awepo. Jibuni maswali manne kwa kuandika: gari lililala siku ngapi mwaka jana? Chasisi imegongwa nyundo na nani? Zile shilingi 40 za mwisho zitatoka wapi? Na likishuka na mzigo, litasimamishwa na nini?

Mkiyajibu yote manne, nendeni. Makala ijayo turudi shambani: jinsi ya kukausha vitunguu vizuri kabla ya kuvipakia, maana hata gari zima halifanyi kitunguu kibichi kifike sokoni kikiwa salama.

Kazi njema.